Namna ya Kupanda Nyanya kwa Mbegu Nyumbani

Mama wengi wananunua nyanya kila siku sokoni, mbili ao tatu, za kutia katika mboga ya jioni. Wanapozikata, mbegu zinamwagika, nao wanazitupa inje pamoja na maganda. Mvua ikinyesha, wanaona miche midogo imeota karibu na mulango wa jiko. Hakuna mutu aliyeipanda. Kisha miche ile inakufa, ao inazaa matunda madogo yenye madoa, na watu wanasema: "Nyanya haikubali kwetu." Lakini nyanya imekubali! Imeota yenyewe bila kuitwa. Kitu kilichokosa ni malezi ya wiki sita za kwanza, na kulinda majani yasilowe kila siku.

Basi tutaonyesha namna ya kuanza na mbegu za tunda moja tu, mpaka kufika kwa sahani ya mutoto. Huhitaji shamba. Miche kumi iliyotunzwa vizuri katika parseli, kila mumoja ukizaa kilo mbili, ni kilo ishirini za nyanya.

Nyanya inasaidia nini, na haisaidii nini

Kwanza tuseme kitu ambacho nyanya haiwezi kufanya, maana kosa hili linaua watoto. Mama analeta mutoto hospitali, viganja vya mikono yake ni vyeupe, na anasema: "Tumemunywesha maji ya nyanya wiki mbili, kwa sababu ni mekundu, yanaongeza damu." Hapana, mama. Rangi nyekundu ya nyanya si damu. Ni rangi ya tunda tu, kama vile papai lina rangi yake. Katika gramu 100 za nyanya mbichi, karibu gramu 95 ni maji. Mutoto mwenye viganja vyeupe, anayepumua mbio na kukataa kunyonya, ana ugonjwa unaomaliza damu yake. Mara nyingi ni malaria, ao minyoo ya safura, ao chakula chake kimekosa chuma. Umulete hospitali siku ileile.

Ni vilevile kwa bwaki. Mutoto aliyevimba miguu, na nywele zake zimegeuka rangi, hataponywa na nyanya. Anahitaji matibabu na maziwa ya dawa, na kisha anahitaji maharagi, mayai, karanga na samaki kila siku.

Sasa inasaidia nini? Nyanya ina vitamini C. Chuma kilicho ndani ya maharagi, sombe na lengalenga kinaingia mwilini kwa shida. Lakini kikikutana na vitamini C katika chakula kilekile, kinaingia vizuri zaidi. Kwa hiyo nyanya haileti damu yenyewe, bali inasaidia maharagi kuileta. Mutu akila nyanya peke yake asubuhi, na maharagi jioni, msaada huo umepotea. Ni lazima vikutane katika sahani moja.

Tena nyanya inaleta hamu ya kula. Mutoto aliyetoka katika homa hataki bugali mukavu, lakini akionja muchuzi wa nyanya na ndagala, anafungua kinywa. Sisi wanganga hatuhesabu hilo kuwa jambo dogo.

Watu wengine wanauliza kama majani yake ni mboga. Sivyo. Nyanya ilitoka Amerika, na ilipofika Ulaya watu wengi waliiogopa miaka mingi, wakidhani kwamba tunda lake ni sumu. Munganga mumoja wa Italia, Pietro Andrea Mattioli, aliandika habari zake mwaka 1544, akaiweka karibu na biringanya. Aliona vizuri, kwa maana nyanya, biringanya, pilipili, viazi vya kizungu na tumbako ni jamaa moja. Tunda waliliogopa bure, lakini majani na shina usiyafanye mboga. Na jamaa hii uikumbuke, kwa sababu jamaa moja hushikwa na magonjwa mamoja.

Kutengeneza mbegu

Chagua tunda lililoiva kabisa, kutoka kwa muche wenye nguvu usiokuwa na madoa. Usichague tunda kubwa tu kwa sababu ni kubwa; utazame mama yake. Kama unanunua sokoni, uulize muuzaji amelitoa wapi. Aina ya Roma, yenye matunda marefu na ngozi nene, inafaa sana kwa kuanza: muche wake ni mufupi na tunda halipasuki upesi njiani. Lakini ukinunua paketi ya mbegu yenye alama F1, ujue kwamba hiyo ni mbegu ya chotara. Itazaa vizuri mara ya kwanza, lakini mbegu za matunda yake hazitafanana na mama yao.

Kata tunda, kamua mbegu pamoja na maji yake ndani ya kopo. Usizioshe bado. Kila mbegu imevikwa ute, na ute huo ndio unaoizuia isiote ndani ya tunda. Funika kopo kwa kitambaa, liweke kivulini siku mbili ao tatu, ukikoroga mara moja kila siku. Litanuka, na juu utaona povu ao ukungu mweupe. Usiogope. Huko kuchacha kunakula ute, na kunaua pia magonjwa mengine yaliyoshika mbegu. Lakini usisahau kopo wiki nzima, maana mbegu zitaota ndani yake.

Kisha mimina maji mengi, koroga, ngojea kidogo. Mbegu zinazoelea ni tupu, umwage. Zile zinazozama ni nzuri. Uzioshe, uzitandaze juu ya sahani, si juu ya karatasi, kwa sababu zitagandamana nayo. Zikauke kivulini penye upepo, karibu siku tano. Usiziweke juu ya bati lenye moto wa jua. Zikikauka kabisa, uzifunge katika karatasi, uandike mwezi na mwaka, na uzitie katika chupa yenye majivu makavu chini. Zikitunzwa hivyo, zinaweza kuota hata baada ya miaka mine. Tunda moja linaweza kutoa mbegu zaidi ya 100, basi uwagawie jirani.

Wakati wa kupanda

Nyanya inapenda jua juu ya majani na maji katika mizizi. Watu wengi wanageuza mambo haya: wanapanda mvua kubwa inapoanza, majani yanalowa mchana na usiku, na ugonjwa unaingia.

Katika milima ya Kivu, karibu na Bukavu, mvua inanyesha tangu mwezi wa 9 mpaka mwezi wa 5. Ukiotesha mbegu mwezi wa 4 na kuhamisha miche mwisho wa mwezi wa 5, matunda yataiva katika miezi ya jua. Ni kazi kuchota maji, lakini ni kazi nyepesi kuliko kuona nyanya zote zimeoza. Kule Lubumbashi mvua inakwisha karibu na mwezi wa 4, na wakati wa jua ni murefu; nyanya zinafanya vizuri penye maji karibu, ijapokuwa baridi ya usiku ya mwezi wa 6 na wa 7 inachelewesha matunda. Upande wa Kisangani mvua inanyesha karibu miezi yote. Wakaaji wa huko, na kila mutu anayetaka kupanda wakati wa mvua, watengeneze dari ndogo juu ya miche: miti mine na plastiki inayopitisha mwanga, pande zote zikiachwa wazi ili upepo upite.

Kuotesha na kulea miche

Hapa ndipo nyanya nyingi zinapokufa, basi tutakaa kidogo.

Utwae sanduku la mbao ao mukebe mupana, utoboe matundu chini ili maji yatoke. Uchanganye udongo mweusi, muchanga kidogo, na mbolea iliyooza kabisa. Udongo huo umwagie maji yanayochemka, uache upoe siku moja. Maji ya moto yanaua wadudu wadogo na uozo unaokata shingo za miche. Piga mistari, na kati ya mustari na mustari uache sentimeta 5. Weka mbegu mojamoja, si kwa kumwaga kama chumvi, na uzifunike kwa udongo wa sentimeta 1. Usizizike chini sana. Nyunyiza maji kwa mukebe uliotobolewa matundu madogo kwa musumari. Weka majani makavu juu.

Kama kuna joto, mbegu zitaota katika siku 6 mpaka 10. Siku ileile unapoona shingo ya kwanza imeinuka, ondoa majani yale makavu. Miche ikikaa gizani inarefuka, inakuwa myembamba na mieupe, haitakuwa na nguvu tena. Uiweke penye mwanga, lakini si chini ya jua kali la saa sita, wala mvua isiipige.

Miche inaanguka mumoja mumoja, shingo imenyauka karibu na udongo kama uzi? Umetia maji mengi mno, ao imesongamana. Wengine wakiona hivyo wanaongeza maji, na jioni yote imelala. Uache udongo wa juu ukauke kidogo kabla ya kunyunyiza tena, na ung'oe ile iliyosongamana. Najua ni vigumu kung'oa muche uliouotesha kwa mikono yako. Ung'oe hata hivyo. Minane yenye nguvu ni bora kuliko hamsini yenye njaa.

Muche ukiwa na majani mawili ya kweli (si yale mawili ya kwanza), uuhamishe katika sashe ndogo iliyotobolewa chini, ao katika kikombe cha majani ya ndizi. Ushike jani, usishike shina, kwa maana jani lingine litaota, lakini shina ni moja. Baada ya wiki nne mpaka sita tangu kupanda, muche una urefu wa sentimeta 15 hivi. Wiki ya mwisho uuzoeshe jua polepole, saa moja, kesho saa tatu, na upunguze maji, kama vile mama anavyomuzoesha mutoto chakula kigumu, si kwa siku moja.

Kuhamisha na kutunza

Chagua pahali panapopata jua nusu ya siku ao zaidi. Pasiwe pahali palipopandwa nyanya, viazi, biringanya, pilipili ao tumbako katika miaka mitatu iliyopita. Chimba mashimo, nafasi ya sentimeta 60 kati ya muche na muche, na meta 1 kati ya mistari. Tia katika kila shimo mikono miwili ya mbolea ya mbuzi ao ya ng'ombe iliyooza, uichanganye na udongo. Mbolea mbichi ya kuku inaunguza mizizi. Uiache ioze miezi mitatu. Kinyesi cha mutu usitie hata kidogo, maana mayai ya minyoo yanakaa hai katika udongo hata miaka kadhaa, na yatarudi nyumbani juu ya matunda na mikono.

Hamisha jioni. Uzike shina mpaka karibu na majani ya kwanza, maana sehemu ya shina iliyofunikwa itatoa mizizi. Simika fimbo wakati uleule, kwa sababu ukiisimika baadaye utachoma mizizi. Ufunge muche kwa uzi wa mugomba, uuzungushe kati ya fimbo na shina mara moja, usikaze. Zungusha majivu kidogo chini, yanasumbua wadudu wanaokata shina usiku. Kisha tandika majani makavu juu ya udongo, ili matone ya mvua yasirushe udongo juu ya majani ya nyanya.

Maji utie chini, asubuhi, lita moja ao mbili kwa muche mukubwa wakati wa jua. Usimwagie majani. Na usimwage mengi leo, kisha ukae siku nne bila kutia: matunda yatapasuka, ao yatapata doa jeusi linalooza chini ya tunda. Watu wanaliita ugonjwa, wanatafuta dawa, na ni kiu tu. Aina ndefu zina machipukizi kati ya jani na shina; uyavunje kwa vidole yangali madogo. Roma uiache, usiivunje. Majani ya chini yanayogusa udongo yakatwe katika aina zote.

Magonjwa na dawa

Ukiona madoa makubwa ya kahawia juu ya majani, na chini yake ukungu mweupe wakati wa baridi na mvua, ni mildiu. Ugonjwa huo ndio ulioharibu viazi vya Ireland tangu mwaka 1845, watu wengi wakafa kwa njaa. Inaweza kumaliza bustani katika wiki moja. Ondoa majani yenye madoa siku hiyohiyo, uyazike mbali, usiyatupe kando ya bustani. Usipande nyanya karibu na viazi. Ile dari ya plastiki inasaidia sana, kwa sababu mildiu inahitaji jani lenye maji.

Ugonjwa mwingine unanyausha muche wote ghafula ungali na rangi ya kijani, hata udongo ukiwa na maji. Kata shina, ulisimamishe katika kopo la maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ni kunyauka kunakokaa katika udongo. Hakuna dawa. Ng'oa muche pamoja na udongo wake, uuchome, na pahali pale panda mahindi kwa miaka kadhaa. Na mutu anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya. Tumbako iliyokauka inaweza kuchukua ugonjwa unaotia majani mabaka na kuyakunja. (Kama akiacha sigara kabisa, hapo sisi wa hospitali tutafurahi mara mbili.)

Sasa neno juu ya dawa za kupulizia. Siku hizi wakulima wengi wanapuliza nyanya kila mara wanapoona wingu. Dawa hizo zina kazi yake, lakini ni sumu. Kwa miche kumi nyumbani, mara nyingi huzihitaji. Kama ni lazima, usome paketi: kipimo, na hesabu ya siku za kungoja kabla ya kuvuna. Usipulize leo na kuuza kesho. Funika mwili, pua na kinywa, simama upande upepo unakotoka, oga kwa sabuni ukimaliza. Na usihamishe dawa katika chupa ya soda ao ya mafuta. Mutoto hawezi kujua. Anaona chupa ya soda, anakunywa.

Kama mutoto amekunywa, usimutapishe, wala usimupe maziwa ao mafuta ya mawese. Ikiwa nguo zake zimelowa sumu, uzivue na umuoshe kwa sabuni. Umulete hospitali mbio, na ulete chupa ao paketi ya dawa, ili munganga ajue ni sumu gani. Mikebe iliyokwisha uitoboe uizike, isichotewe maji.

Kuvuna na kula

Baada ya miezi miwili na nusu hivi tangu kuhamisha, matunda ya kwanza yanaiva. Vuna yanapoanza kuwa mekundu kama unapeleka sokoni mbali; kwa nyumba yako, acha yaive juu ya muche.

Osha nyanya kwa maji safi kabla ya kuikata, hata kama imetoka katika bustani yako. Wakati wa kipindupindu, usile mbichi, ipike. Siku nyingine, nyanya mbichi ni nzuri, kwa maana moto murefu unapunguza vitamini C. Lakini kuipika na mafuta kidogo kuna faida yake: mafuta yanasaidia mwili kutwaa vitamini A iliyo katika mboga na katika mafuta ya mawese yenyewe. Basi ufanye yote mawili. Pika nyanya mbili na kitunguu kwa muchuzi, na ukiondoa sufuria ya maharagi motoni, ukate nyingine mbichi juu yake. Mutoto aliyefikisha miezi sita anaweza kupewa nyanya iliyopikwa, iliyotolewa ngozi na kupondwa pamoja na maharagi ao ndagala, huku akiendelea kunyonya.

Katika nyumba nyingi nyanya nzuri zote zinakwenda sokoni, na watoto wanabakiwa na zile zilizopasuka. Franka zinahitajika, tunajua, kwa masomo na kwa sabuni. Lakini kabla ya kujaza kikapu, utenge za siku mbili kwa sufuria yako.

Na kabla ya tunda la kwanza kuvunwa, utazame miche yote, uchague ule usiopata madoa na uliozaa vizuri. Ufunge uzi mwekundu juu ya kishada chake cha pili. Uwaambie watoto na jirani kwamba hizo haziguswi mpaka ziive kabisa, maana ndizo mbegu za mwaka ujao.